Kipindi Kimoja Zaidi

Orrin Hoekstra hakutulia. Hata akiwa ameketi, mguu wake wa kulia ulikuwa safarini, ukipigapiga chini ya meza mpaka vikombe vya kahawa vikatikisika, na wenzake wakashika kila mtu chake bila hata kumtazama. Alikuwa fundi wa matanuru ya kupashia nyumba joto hapa Rockford, na kwa baridi ya Illinois fundi wa tanuru hakosi kazi wala heshima. Mtu mwingine angeshukuru akatulia. Orrin alikuwa kiguu na njia, na ungemuuliza anakimbia nini asingekuwa na jibu, kwa sababu hakuna alichokikimbia. Alipenda tu ile siku ya kwanza mahali pageni, asipojua hata duka la mikate liko wapi.

Alipomaliza shule aliingia jeshi la majini, wakampeleka San Diego, na mchumba wake Marlys Lundeen, binti wa hapa hapa mjini, akapanda basi akamfuata. Huko wakaoana, huko akazaliwa binti yao Karla. Utumishi ulipokwisha Orrin akasema jua la kila siku linamchosha, wakaenda Duluth, kwenye theluji na meli za madini ya chuma. Duluth nako kukamchosha. Wakahamia Tulsa, kwenye mafuta. Kila mahali alikuwa mfanyakazi mzuri na kila mahali walisikitika alipoaga, na kila mahali Marlys ndiye aliyefunga masanduku, akasafisha jokofu, akarudisha funguo kwa mwenye nyumba. Tulsa ilipomchosha, Marlys alisema kwa upole kwamba safari hii angependa wawe karibu na mama yake. Orrin akakubali mara moja. Rockford kwake ilikuwa mahali pengine tu pa kuanzia.

Lililowashangaza watu ni kwamba alikaa. Miaka minne ikapita, ukaja wa tano, ukaja wa sita, na Orrin bado yupo, mikono imejaa masizi. Mama mkwe akasema ni maombi. Arvid, kaka yake Marlys, akasema ni uzee. Marlys mwenyewe aliijua sababu, nayo ilikuwa mchezo wa Jumapili mchana, kwenye chumba cha chini ya nyumba yao.

Mchezo ulimpata Orrin katika duka la treni za kuchezea, alikoitwa kutengeneza tanuru lililozima. Nyuma ya duka palikuwa na wanaume wa makamo wakipigana vita vya zamani vya Ulaya juu ya meza ya mchanga, kwa askari wadogo wa madini ya risasi waliopakwa rangi kifungo kwa kifungo. Ndiko mambo yote yalikoanzia katika sehemu zetu hizi, Wisconsin na Minnesota na Illinois, ambako majira ya baridi hayaishi na kila nyumba ina chumba cha chini. Watu wa namna hiyo walichoka kuongoza majeshi mazima. Wakataka kila mmoja awe mtu mmoja tu, mwenye jina, mwenye njaa, anayeweza kufa. Hapo mchezo ukageuka. Hapakuwa tena na wa kushinda wala wa kushindwa. Mmoja aliketi kuwa mwamuzi, akawaeleza wenzake wanachokiona, nao wakamwambia wanafanya nini, na penye shaka dadu ikaamua.

Wengi walikimbilia majoka na mapanga. Lakini walikuwako wengine ambao hawakuona raha ya majoka. Hawa walikuwa watoto wa miaka ya roketi. Walikusanywa shule nzima mbele ya televisheni moja kutazama watu wakirushwa angani, wakaahidiwa kwamba wakikua nao watakwenda, halafu walipokua wakaambiwa safari za mwezini zimesitishwa, kila mtu arudi kazini. Walihisi wamedhulumiwa, na mpaka leo ukikaa nao utasikia uchungu huo. Orrin aliuhisi kuliko wote. Kwa hiyo mwenye duka alipomwonyesha kitabu chembamba kilichobanwa kwa pini mbili, kazi ya vijana wawili wa mji wa jirani waliojichapia wenyewe, alikisoma akiwa amesimama, bisibisi mkononi, huku mwenye duka amevaa koti na kofia akisubiri tanuru lake.

Kitabu kile hakikuwa na mashujaa. Kilikuwa na watu wa kazi, marubani na mafundi na wapishi wa vyombo vya angani, wanaobeba shehena kutoka sayari hadi sayari na kugombana na wakubwa wa bandari. Orrin alijiona humo. Na utamu wake ulikuwa mwanzoni kabisa, maana hukuanza ukiwa kijana asiyejua kitu. Kwanza ulimpa mhusika wako maisha. Akiwa na miaka kumi na minane ulimwandikisha katika utumishi fulani, akatumikia kipindi cha miaka minne, ukarusha dadu mbili uone kama amepona na amejifunza nini. Kisha ukaulizwa: anatoka, au anaongeza? Kila kipindi kilimzidishia ujuzi. Kila kipindi kiliweza pia kumuua palepale, ukachana karatasi yake ukaanza upya. Hata akitaka kutoka ilikubidi urushe, maana zikija sita mbili utumishi umemkatalia, ataongeza kipindi kingine apende asipende. Alipotoka ndipo mchezo wenyewe ulipoanza.

Bila shaka unaweza kukisia Orrin alicheza vipi. Mhusika ana ujuzi wa kutosha, ana afya, wenzake wanamsubiri, naye anachukua dadu. "Kipindi kimoja zaidi," anasema. Wakamfia hivyo marubani, wakamfia wapelelezi, akamfia daktari mmoja mzuri sana ambaye wote walimtaka. Waliosalimika walitoka wazee, magoti yameisha.

"Shemeji," Arvid alimwambia siku moja, "mchezo huu ni nyumba, na wewe hujawahi kuingia ndani. Kila siku unafia barazani."

Arvid aliendesha lori la maziwa, mwanamume mpana mwenye sauti ya kupita ukutani, na utani kwa shemeji yake ulikuwa kama chakula. Mchezaji wa tatu alikuwa jirani, Nadine Fazio, mwalimu wa hesabu, aliyeweza kukuambia kichwani uwezekano wa kila mrusho na ambaye dadu hazikuwahi kumpenda hata siku moja. Chombo chao waliita Bibi Hilda, jina la mama yao Marlys na Arvid, kwa sababu kilikuwa kinalalamika kila kinapowashwa.

Na mwamuzi alikuwa Marlys. Mwanzo walijaribu zamu, lakini Arvid akiamua alikuwa anacheka kabla ya kumaliza kueleza, na Orrin alihama sayari kabla watu hawajashuka chomboni. Marlys alikuwa na subira. Aliketi nyuma ya kadibodi yake iliyosimamishwa mezani, akazungumza taratibu, na mashine ya kufulia ikizunguka nyuma yake ukasahau kwamba ipo. Aliwapa sayari ambayo mvua haijaacha kunyesha tangu watu wafike, na watoto wake wakiona jua wanalia. Aliwapa bandari ambako ni utovu wa adabu kumuuliza mtu ametoka wapi. Hivyo kila Jumapili Orrin alisafiri bila kufunga sanduku, na aliyempeleka ni mkewe, mwanamke aliyetaka kukaa mahali pamoja kuliko mtu yeyote aliyewahi kumjua. Orrin hakuwahi kuliwaza hilo, na ni aibu yake.

Walikuwa na desturi zao. Dadu zilirushwa ndani ya sinia la keki, mbele ya macho ya watu, na mrusho ambao hakuna aliyeuona haukuhesabiwa, hata ungekuja mzuri vipi. Neno la mwamuzi lilipita kitabu na dadu, ila alipaswa kulitamka palepale, kabla mtu hajaanza kubembeleza. Marlys hakuwahi kuutumia uwezo huo. Mpishi wa Arvid, mhusika aliyemchezea kwa mapenzi miaka miwili, alikufa kwa vali iliyovuja, na Marlys akasoma dadu, akasema, "Pole, amekufa." Arvid hakula keki siku hiyo. Lakini wiki iliyofuata alirudi, maana mchezo ambao mwamuzi wake anakuhurumia hauna ladha.

Sasa, mwezi wa Januari simu ililia, na aliyepiga alikuwa fundi waliyefahamiana Tulsa. Alikuwa Phoenix. Huko, alisema, watu wanapoza nyumba kama nyinyi mnavyozipasha, kazi ni tele, hujawahi kuona machweo ya namna ile. Orrin akasema atafikiri. Mguu ukaanza upya, kitandani, kanisani, kila mahali. Alijua vizuri kwamba Marlys alikuwa anasomea uuguzi na angemaliza Juni. Alijua kwamba Karla, aliyekwisha kubadili shule mara zisizo na idadi, sasa alikuwa na rafiki wa karibu, hata wa kwenda kulala kwao. Alijua yote hayo, na bado kila alipoingia kwenye chumba cha chini cha mtu kuwasha tanuru alisikia harufu ya vumbi lile lile akahisi ukuta unamsogelea.

Basi siku moja, ndani ya gari lake nje ya nyumba ya mteja, injini ikiwa inawaka na theluji inagonga kioo, alitoa dadu mbili mfukoni akazirusha juu ya kitabu cha simu kilichokuwa kitini. Saba kwenda juu, anakwenda. Ikaja tisa. Moyo ukamruka kwa furaha, na akaipokea furaha hiyo kama ruhusa. Akaenda kituo cha mafuta, akapiga simu Phoenix, akasema ndiyo. Jioni hiyo hiyo akamuaga bosi wake. Kumwambia Marlys, hilo likamshinda. Alifungua mdomo kila asubuhi, akaishia kuomba chumvi.

Jumapili ya katikati ya Februari walikutana kama kawaida. Marlys alikuwa ameoka tambi na samaki wa kopo na jibini juu, Nadine ameleta bisi, tanuru linanguruma vizuri pembeni. Bibi Hilda ilikuwa inakaribia sayari mpya na Marlys alikuwa amefungua mdomo kuwaelezea, Arvid akamkatiza.

"Ngoja kidogo, dada. Shemeji, kabla sijasahau. Nimekutana na bosi wako mgahawani jana, ananuna kama kafiwa. Eti umemuaga, unahamia Phoenix. Nikamwambia, mzee, umechanganya mtu, dada yangu angeniambia."

Alisema akicheka, mkono ndani ya bakuli la bisi. Kisha akamwona Orrin usoni, na mkono ukabaki humo.

Marlys aliweka penseli chini.

"Phoenix," alisema.

"Nilikuwa nataka kukwambia."

"Lini? Tukishafika?"

Nadine akaanza kuinuka. "Mimi nikachemshe kahawa huko juu."

"Kaa, Nadine. Kahawa ipo." Marlys hakupaza sauti. Macho yake yalikuwa kwa mumewe tu. "Umeamua lini?"

"Kama wiki mbili hivi."

"Umeamuaje?"

Orrin angeweza kusema alifikiri sana. Angeweza kusema mshahara. Lakini alikuwa amekaa meza hii miaka yote, na kwenye meza hii hakuzoea kudanganya.

"Nilirusha dadu," alisema.

"Wapi?"

"Garini."

"Nani aliona?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Basi haihesabiki."

Arvid akatoa kicheko kifupi, kisha akafyata ulimi, maana dada yake hakuwa anatania. Orrin alihisi masikio yanawaka.

"Marlys, mama, hili si suala la mchezo."

"Kumbe si mchezo? Na ulirusha dadu?"

Mguu wake ulikuwa umesimama, kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa, na hata yeye hakugundua. Marlys aliinuka, akachukua karatasi tupu na penseli, akazunguka meza mpaka akasimama juu ya kiti chake.

"Toka hapo," alisema. "Nenda ukae nyuma ya kadibodi. Leo wewe ni mwamuzi, mimi nacheza. Nataka kutengeneza mhusika."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Wakabadilishana viti. Nyuma ya kadibodi Orrin alijiona kama amekaa kwenye kiti cha daktari wa meno. Arvid alikodolea macho sinia la keki. Nadine alikuwa ameshika tama.

"Mwanamke," Marlys alisema akiandika. "Miaka kumi na minane. Sasa niulize nimejiandikisha wapi."

"Umejiandikisha wapi?"

"Usindikizaji."

"Hakuna hiyo kwenye kitabu."

"Wewe si ndiye mwamuzi? Iweke."

"Haya, ipo."

"Kipindi cha kwanza, San Diego." Akarusha. Saba. "Nimepona. Nimejifunza nini?"

Orrin alifungua kitabu, akakifunga.

"Nitakusaidia. Nimejifunza kuzaa mbali na mama yangu. Na nimejifunza kupanda mlimau, ukachukua miaka kuzaa, ukazaa mwaka ule tuliohama. Kipindi cha pili, Duluth." Akarusha tena, tano, na ingepungua nukta moja tu asingepona. "Nimepona kwa tundu la sindano. Huko walinipa chumba cha watoto cha maktaba, nikisimamie mimi. Nilikaa nacho miezi mitatu. Kipindi cha tatu, Tulsa."

"Marlys," Orrin alisema.

"Mwamuzi hamkatizi mchezaji. Tulsa." Nane. "Huko nilikuwa nasoma uuguzi usiku. Nilibakiza muhula mmoja, Orrin. Mmoja. Ulisema Rockford kuna vyuo. Vipo, kweli. Wakanianzisha upya kutoka mwanzo, maana masomo ya Tulsa hawakuyatambua."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Ulikuwa unatazama ramani."

Arvid alijisogeza kitini. Yeye naye alikuwa hajui, na alikuwa kaka yake. Tanuru lilizima lenyewe kama lilivyozoea.

"Kipindi cha nne," Marlys alisema, "hapa." Akarusha. Ikaja sita. "Nimepona. Hapa nimejifunza kuwapeleka watu nyotani. Kumbe naweza. Kumbe wakati wote nilikuwa nakusindikiza nilikuwa naweza kuongoza, na sikujua, kwa sababu masanduku yalikuwa mengi." Sauti ilimtikisika mara ya kwanza, akaikaza. "Nina hasira na wewe mpaka nashindwa kukutazama. Sasa niulize swali lililobaki."

Orrin alijua swali. Alikuwa amelisikia mara nyingi kuliko mtu yeyote pale mezani.

"Unatoka," aliuliza, "au unaongeza?"

"Natoka. Wewe nenda Phoenix ukitaka. Nenda uone machweo. Mimi na Karla tunabaki." Akachukua dadu, akazikusanya kiganjani. "Lakini kitabu kinasema lazima nirushe, na mimi sijawahi kuruka kitabu."

Akarusha.

Dadu ziligonga ukingo wa sinia, moja ikazunguka, ikalala. Wote wanne wakainamia. Nadine ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu anayesoma jina la marehemu.

"Sita mbili."

Utumishi umemkatalia. Kipindi kingine, apende asipende, na mashahidi watatu mezani na dadu mchana kweupe. Marlys alizitazama dadu. Hakubembeleza. Alifumba macho kidogo kama mtu anayepigwa na upepo, akafungua, akakaza mdomo akisubiri hukumu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa amewahukumu wao.

Na hapa ni lazima niseme ukweli juu ya Orrin Hoekstra. Moyo wake uliruka. Kwa punje ya muda aliiona Phoenix, barabara nyeupe na milima myekundu, na Marlys kando yake garini na Karla nyuma, na mchezo wenyewe umesema hivyo. Alifurahi. Kisha akaiona furaha hiyo jinsi ilivyo, ile ile ya garini, furaha ya mtu aliyepewa ruhusa na mfupa mdogo wenye matundu ili asimuulize mtu, na aibu ikamshika mpaka mgongoni. Aliona kwamba Arvid anafungua mdomo. Akamtangulia.

"Mwamuzi anasema ameachiliwa," Orrin alisema.

"Dadu zimesema sita mbili," Marlys alijibu.

"Nimeziona. Ameachiliwa. Nimeshatamka."

Katika miaka yote hiyo halijawahi kutokea jambo hilo kwenye meza ile, na Arvid, ambaye mpishi wake alikufa kwa vali, alitoa kitambaa akapenga kamasi kwa kelele. Marlys aliandika kitu chini ya karatasi yake. Alichukua muda. Alipoinua kichwa macho yalikuwa yamelowa na hakuyafuta.

"Sawa," alisema. "Nimetoka. Basi mchezo umeanza. Mwamuzi, niko wapi?"

Orrin hakuwa ametayarisha kitu. Ramani zilizokuwa mbele yake zilikuwa za mkewe, mwandiko wake mdogo uliojaa pembeni, na hakutaka kuzigusa. Alitazama mikono yake yenye masizi.

"Uko nyumbani kwako," alisema. "Ni sayari ya baridi. Nje kuna theluji. Tanuru linafanya kazi." Akakohoa. "Kuna mtu mlangoni anabisha hodi."

"Mtu gani?"

"Mwanamume. Si kijana. Ameshika sanduku."

"Anatoka au anaingia?"

"Yuko nje. Anauliza kama kuna nafasi."

Marlys aliiweka karatasi yake kando.

"Muulize atakaa muda gani," Marlys alisema.

Jibu zuri lilikuwa karibu, tamu, tayari ulimini. Daima. Orrin alilihisi, akajua kwamba akilisema Arvid atapiga makofi na keki itakatwa, na kwamba litakuwa uongo, au angalau kitu ambacho yeye hana haki ya kukiahidi.

"Hajui," alisema. "Anasema hajawahi kujaribu."

Marlys hakucheka. Aligeuza penseli mara mbili mezani.

"Mwambie aingie," alisema. "Sanduku libaki nje."

Jumatatu Orrin alipiga simu Phoenix na kusema hapana, na fundi yule wa Tulsa akamwita majina mabaya ambayo alistahili. Bosi wake akamrudisha kazini, baada ya kumzungusha kidogo ili ajifunze. Msimu ule wote Orrin hakuwa na raha, na hakujifanya kuwa nayo. Baada ya chakula cha jioni alivaa koti na viatu vya theluji akatoka, akazunguka nyumba yake mwenyewe, raundi baada ya raundi, mpaka akachimba njia kwenye theluji kama ya mnyama. Marlys alikuwa mezani jikoni na vitabu vyake vya uuguzi, na kila Orrin alipopita dirishani Marlys alimwona. Hakumwita. Orrin alitembea mpaka akachoka, akakung'uta viatu mlangoni, akaingia.